Hadija au Khadeejah? Majina Kumi Yanayogombanisha Wazazi Chole

Wajerumani walipoichukua Mafia mwaka 1890 waliliandika jina la kisiwa chetu hivi: Tschole. Herufi nne za mwanzo zimebebeshwa sauti moja ambayo mtoto wa chekechea huimaliza kwa mbili. Mwaka 1915 Waingereza wakaiteka Mafia, Mjerumani akaondoka na herufi zake, tukabaki na Chole ya herufi tano. Mpaka leo hakuna boti iliyopotea njia kwa kukosa T na S.

Ungedhani tumejifunza. Wapi! Siku hizi herufi za ziada zinaingilia kwenye kadi ya kliniki. Mtoto ametimiza siku saba, nywele zimenyolewa, akika imeliwa, bibi ametamka jina mbele ya watu: Hadija. Baadaye mama yuko mbele ya muuguzi, anaulizwa swali dogo tu, "Naandikaje?", na kikao kinaanza upya. Baba anataka Khadija. Wifi aliyeko Dar es Salaam ametuma ujumbe: Khadeejah, ndiyo ya asili. Bibi anashangaa, maana yeye alimaliza kazi tangu siku ya saba.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili usije ukasema nimekuvizia. Naitetea tahajia nyepesi, ile iliyopita kwanza midomoni mwa bibi zetu ndipo ikafika kwenye karatasi. Lakini kutetea bila kupima ni ubishi wa barazani, kwa hiyo kila jina hapa limefanya mitihani mitatu.

Mtihani wa Kivuko: simama ufukweni Chole, mwite mtoto aliyeko kwenye mtumbwi unaoelekea Utende. Jina likimfikia, limefaulu.

Mtihani wa Karani: litaje jina mara moja kwa karani asiyeujua ukoo wako. Akiliandika sawasawa bila kuinua kichwa, limefaulu.

Mtihani wa Muamala: mwambie mtu akutumie pesa kwa simu, kisha mwambie "jina litakuja hivi". Ukilazimika kutaja herufi moja moja, limeanguka.

Tunahesabu kutoka jina lenye ugomvi mdogo hadi lile linaloweza kuzamisha boti. Ubishi unaruhusiwa kuanzia namba kumi.

10. Juma dhidi ya Jumaa

Tupashe misuli moto kwanza. Mtoto wa kiume kazaliwa Ijumaa, kapewa jina la siku yake. Swali ni moja tu: A moja au mbili? Wanaodai mbili wanasema siku yenyewe inaandikwa Ijumaa, kwa nini mtoto apunjwe? Hoja nzuri, naipa mkono. Ila Juma wa A moja ameshatembea mno, huwezi kumrudisha. Kule Kenya amevuka hadi mipaka ya dini: Calestous Juma, mwanasayansi wa Busia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard na kufariki mwaka 2017, alitosheka na A moja, na dunia nzima ikamjua. Hata dada yake Juma, yaani Mwajuma, hajawahi kudai nyongeza.

Hukumu: Juma. A ya pili ibaki kwenye kalenda, huko ina kazi.

9. Isa dhidi ya Issa

Na wenzao wote: Musa na Mussa, Hasan na Hassan, Kasimu na Kassim. Hii S ya pili ilizaliwa na woga. Mwingereza au Mfaransa akiona S moja katikati ya irabu anaweza kuisoma Z, basi ikawekwa ya pili kama mlinzi. Sawa, lakini Kiswahili hakijawahi kuigeuza S kuwa Z. Tunasema kisima na kisiwa, na hakuna aliyezama "kizimani". Fundi wa jahazi wa Chole hapigilii ubao usio na kazi; kwa nini sisi tupigilie herufi?

Tena kwa Hasan kuna jambo zito zaidi. Mjukuu wa Mtume ni Hasan, S moja nyepesi. Hassan, kwa S iliyokazwa, ni jina jingine kabisa kwa Kiarabu, kama lile la Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume. Mzazi anakusudia mjukuu, anaandika mshairi. Wote ni watu wa heshima, lakini hawakuwa mtu mmoja.

Wazee waliokwisha kuwa Hassan kwenye karatasi zao hatuwagusi, kuanzia Rais Samia Suluhu Hassan na ukoo wake. Tunazungumzia kichanga kinachosubiri cheti.

Hukumu: S moja. Mlinzi arudi nyumbani, hakuna mwizi.

8. Ali dhidi ya Ally

Hapa Tanzania tumefanya jambo ambalo Waarabu wenyewe hawakulifikiria: tumemvalisha Ali nguo za Kiingereza. Ally! L mbili na Y mkiani. Y kwa Kiswahili haijawahi kufunga neno. Huwa iko mwanzoni au katikati, inasukuma irabu iliyo mbele yake. Ukiiweka mwishoni haina wa kumsukuma.

Najua utanipiga na Mbwana Ally Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, aliyejiunga na Aston Villa Januari 2020. Nakubali, kafika mbali na Ally wake. Lakini mabao alifunga kwa mguu na kichwa, Y haikupiga hata kona. Upande wangu namleta Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza nchi kuanzia 1985 hadi 1995 kwa Ali ya herufi tatu. Na huko Uingereza kwenyewe Ally huweza kuwa kifupi cha Alison, jina la dada wa watu. Mwanao akituma maombi ya masomo huko, asishangae akiandikiwa kama binti.

Hukumu: Ali. Miaka kumi Ikulu kwa herufi tatu, unataka nini tena?

7. Nasibu dhidi ya Naseeb

Sasa tumeingia kwenye ukoo wa EE: Naseeb, Kareem, Saleem, Ameen. Hawa wameongezeka kuliko mikoko ya Mafia, na najua mzizi wao. Diamond Platnumz kwa jina la nyumbani ni Naseeb Abdul Juma, na mzazi gani asingependa mwanawe apate hata robo ya nasibu ile?

Tatizo ni moja. Kiingereza huandika I ndefu kwa EE. Kiswahili kikiona EE kinasoma E mbili, kama kwenye mzee. Mpe mtoto wa darasa la pili pale Chole asome Kareem kwa kanuni alizofundishwa: atatamka kama mtu anayemwita mzee aliyekatwa mwishoni. Mtoto hajakosea. Kakosea aliyeandika Kiingereza na kutarajia kisomwe Kiswahili. Nasibu, Karimu, Salimu, Amini: kila herufi inasomwa, kila moja inalipwa mshahara.

Hukumu: Nasibu. Ukitaka mtoto aimbe kama Diamond mpeleke akafundishwe kuimba, EE hazina sauti nzuri.

6. Hamisi dhidi ya Khamis

Haya, funga mkanda. Unguja na Pemba ni Khamis. Mrima ni Hamisi. Na Mafia? Tulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar hadi Wajerumani walipoingia, na leo tuko Mkoa wa Pwani, kwa hiyo tunao wote wawili, na wakati mwingine wamelala chumba kimoja.

Watu wa Khamis wanasema KH ndiyo sauti yenyewe ya Kiarabu na mwenye koo safi aitoe. Sina ugomvi na koo lao. Nauliza tu: mbona hawasimamii KH kila mahali? Habari, hatari na hema zote zilifika pwani zikiwa na KH, nasi tukazilainisha. Siku yenyewe aliyozaliwa mtoto tunaiandika Alhamisi, haina K hata ya dawa. Ukitaka Khamis, anza na Alkhamisi, kisha uniulize "khabari za asubuhi". Mzee wa Unguja anayesema hivyo namvulia kofia, maana anasimamia sauti yake toka alfajiri mpaka usiku. Wewe wa KH ya cheti tu, hapana.

Kwenye Mtihani wa Kivuko matokeo ni wazi. Khamis inaishia na S, kusi inaichukua na kwenda nayo. Hamisi ina I mwishoni, unaivuta utakavyo: Hamisiii! Mtoto anageuka akiwa amekaribia Utende.

Hukumu: Hamisi kwa Chole, Khamis kwa mwenye babu Khamis. Ukirithi jina, rithi na herufi zake.

5. Asha, Aisha, Mwanaisha

Huu si ugomvi wa wawili, ni mkutano wa ukoo. Wote wametoka kwa Aisha, mke wa Mtume. Aisha amebaki alivyo. Asha amepunguza I njiani. Mwanaisha ameongeza heshima mbele. Kule Mombasa na Lamu yuko Esha. Halafu kuna Ayeesha, ambaye ametoka kwenye simu.

Wanaomdharau Asha kuwa ni jina la kijijini, wasikie hili: Asha-Rose Migiro alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Asha amekaa New York bila kuomba herufi ya ziada. Huko India nako yuko Asha mwingine, aliyekuja kwa njia ya Kisanskriti na wala si ndugu wa huyu wetu: mwimbaji Asha Bhosle, aliyeimba tangu miaka ya 1940. Jina la herufi nne, mabara matatu, na hakuna mahali lilipokwama.

Lakini nakiri bila kusukumwa kwamba Aisha naye anafaulu mitihani yote. A-i-sha, kila irabu inatamkwa, karani hainui kichwa. Huyu ndiye wa asili na mwepesi kwa pamoja.

Hukumu: sare ya Asha na Aisha, Mwanaisha apewe kiti cha mbele. Ayeesha arudi simuni akachaji.

Mapumziko: majina yaliyosamehewa mtihani

Kabla hatujapanda juu, tuwape makofi wasio na ugomvi. Siwema. Tatu. Pili. Chausiku. Mashaka. Kombo. Hawa wana tahajia moja tu toka Lamu hadi Kilwa, hawajawahi kusumbua karani, na ukiambiwa "jina litakuja Chausiku" unabonyeza bila wasiwasi. Jaribu kumwandika Chausiku kwa Q uone kama atakuitikia.

Naomba wazazi wa leo wasiwatupe. Tunahangaika na H za kuongeza mwishoni, na hapa pana majina yaliyotimia tangu mwanzo.

4. Rukia dhidi ya Ruqayyah

Tumefika kwa Mheshimiwa Q. Rukia, Kasimu, Tariki: kwa nusu ya wazazi wapya hawa ni watu wa jana. Wanataka Ruqayyah, Qassim, Tariq. Herufi Q haimo katika alfabeti ya Kiswahili, lakini kwenye vyeti vya kuzaliwa imepata makazi ya kudumu.

Duniani kuna nchi ambazo zisingekuachia. Iceland ina kamati ya majina tangu 1991, na jina linatakiwa lifuate maandishi ya Kiiceland. C haimo katika alfabeti yao, kwa hiyo majina kadhaa ya C yamekataliwa. Uturuki ilipochukua alfabeti mpya mwaka 1928 haikuweka Q, W wala X, na kwa miaka mingi wazazi wa Kikurdi wakanyimwa kuandikisha watoto kwa herufi hizo. Huo ulikuwa uonevu, na sitaki hata kivuli chake kifike hapa. Tanzania hakuna kamati, uko huru. Ndiyo maana nakubembeleza badala ya kukukataza.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kiini cha orodha nzima. Unaponiambia Ruqayyah ni "ya asili", nakuuliza: asili ipi? Jina hili asili yake iko katika herufi za Kiarabu. Hizo ndizo zilizoandika Kiswahili kwa karne nyingi kabla ya hizi za Kirumi, na watoto wa Chole wanazisoma hadi leo chuoni. Huko qafu ipo, kha ipo, na kila sauti ina nyumba yake. Lakini ukishavuka kuja herufi za Kirumi, umeshahama. Ruqayyah ni jina la Kiarabu lililoandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiingereza. Rukia ni jina lile lile lililoandikwa kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili. Wote wawili wamehama kwao. Swali ni mwanao anaishi na msomaji yupi.

Utaniambia: na kimataifa je? Wale popo wakubwa wa Chole wana jina la kimataifa, Pteropus seychellensis comorensis. Ushelisheli imo, Komoro imo, Mafia haimo. Jina la kimataifa limewataja jirani wote na kumsahau mwenyeji.

Hukumu: Rukia kwenye cheti, na qafu mfundishe mtoto kuiandika chuoni kwa herufi zake halisi. Hapo utakuwa umempa asili kweli, si picha yake.

3. Athumani dhidi ya Othman

Nishani ya shaba inakwenda kwa msafiri mkuu wa bahari. Khalifa wa tatu, Uthman bin Affan, ameacha jina ambalo kila bandari imelitia chumvi yake. Waturuki wanasema Osman. Senegali wanasema Ousmane. Komoro, jirani zetu wa kusini, wana Rais Azali Assoumani: mtamke polepole utagundua ni Athumani aliyepita shule ya Kifaransa. Zanzibar wanasema Othman, kama Othman Masoud Othman, aliyeapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar mwaka 2021, aliyelipata jina mbele na nyuma.

Wapinzani wangu hapa wana bao moja, nawahesabia: Athumani amebadilisha irabu ya mwanzo, U imekuwa A. Lakini tazama alichokihifadhi. Ile TH! Mturuki kaipoteza, Mfaransa kaipoteza, Msenegali kaipoteza, na bibi wa Chole asiyewahi kuvuka Kilindoni kaishika mpaka leo. Vivyo hivyo DH ya Ramadhani na GH ya Ghalibu. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema tahajia ya Kiswahili ni ya uvivu, namwomba achague kati ya mvivu Athumani na mchapakazi Ousmane, kisha aniambie nani kabeba mzigo.

Hukumu: Athumani. Kapoteza irabu moja, kaokoa konsonanti iliyowashinda wenzake wengi.

2. Fatuma dhidi ya Fatma, Fatima, Fatimah na Faatimah

Nishani ya fedha, na boti imeanza kuyumba. Chole nzima ina rafiki, shangazi au mke aitwaye kwa jina hili, kwa hiyo naandika huku nikitazama nyuma.

Fatma ni ya Oman na Zanzibar. Fatima ni ya vitabu. Fatimah na Faatimah ni za wanaohesabu kila irabu ndefu. Hata Wakatoliki wamo: mji wa Fátima nchini Ureno, ambako mahujaji wanamiminika tangu mwaka 1917, umebeba jina hili hili. Katikati ya umati huo kasimama Fatuma wa pwani, na watu wanamuuliza hiyo U kaitoa wapi.

Kaitoa mdomoni, kwa haki kabisa. T na M zikigongana, ulimi wa Kiswahili unataka irabu ya kuzitenganisha. Midomo ikiwa njiani kufunga ili itoe M, irabu iliyo karibu ni U. Ndiyo maana ni Fatuma, na ndiyo maana ni Athumani. Hiyo ni kanuni inayofanya kazi bila kuandikwa popote, na bibi anaijua vizuri kuliko mtu wa vitabu.

Na ukitaka shahidi mwenye uzito, namwita Bi Kidude. Malkia wa taarabu na unyago, aliyepewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kufariki mwaka 2013, jina lake ni Fatuma binti Baraka. Mzaliwa wa Unguja, kwenye ngome ya Fatma, na bado ni Fatuma. Dunia ikamfuata kwa jina lake.

Fatma nampa heshima zake. Ni jina la watu wa hapa hapa, kalichonga Mswahili na Mwomani kwa pamoja. Faatimah je? Kwenye Mtihani wa Muamala anachosha: "Jina litakuja Faatimah, A mbili mwanzoni, H mwishoni." Mpaka umalize, salio limeisha.

Hukumu: Fatuma kwa pua, Fatma nyuma yake. Leteni matusi, nimeshavaa kofia ngumu.

1. Mohamedi dhidi ya dunia nzima

Nishani ya dhahabu haikuwa na mpinzani. Kwa Kiarabu ni M-H-M-D, imekwisha, kila mtu anaandika sawa. Kwa herufi za Kirumi ni soko la samaki saa ya mnada: Muhammad, Mohammed, Mohamed, Mohamedi, Muhamadi, Mohammad, Muhammed. Mtaani ni Mudi, na hata huyo kuna wanaomwandika Mudy.

Uingereza na Wales mwaka 2023 jina lililoongoza kwa watoto wa kiume lilikuwa Muhammad. Chunguza jambo hili: takwimu zao huhesabu kila tahajia kama jina lake, kwa hiyo Mohammed na Mohammad walikuwa kwenye orodha hiyo hiyo ya mia moja, kila mmoja na nafasi yake, kama watu wasiojuana. Mtume mmoja, jina moja, foleni tatu.

Kwetu foleni ziko ndani ya bahasha moja. Mtoto ni Muhamadi kwenye kadi ya kliniki, kwa sababu ndivyo muuguzi alivyosikia. Shule ya msingi mwalimu kaandika Mohamed. Kidato cha nne cheti kimetoka Mohammed. Kitambulisho cha NIDA kinasema Muhammad, kwa sababu siku hiyo aliongozana na mjomba mwenye kupenda asili. Kijana ana miaka ishirini na anakwenda kwa wakili kula kiapo kwamba watu hao wanne ni yeye. Anaomba mkopo wa chuo, majina hayalingani. Anasajili laini, majina hayalingani. Analipa nauli ya boti, gari na wakili, kwa sababu siku ile alipoandikishwa hakuna mtu mzima aliyeamua.

Hapa natoka kwenye mzaha hatua moja. Kugombana kuhusu tahajia ni burudani, kutoamua ni dhuluma kwa mtoto. Usajili wa walio chini ya miaka mitano siku hizi umesogezwa mpaka vituo vya afya na ofisi za kata, kwa hiyo dakika ya uamuzi inakuja mapema na inakuja karibu. Usifike pale na jina la mdomoni tu.

Mitihani yetu inasema Mohamedi: I ya mwisho inavuka maji, karani anaiandika anavyoisikia. Lakini kwa jina hili nitatoa nishani tatu badala ya moja.

Hukumu: mshindi ni Mohamedi aliyeandikwa Mohamedi kila mahali. Wa pili ni Muhammad aliyeandikwa Muhammad kila mahali. Wa mwisho kabisa, nyuma ya wote, ni yule mwenye tahajia nne na kiapo kimoja.

Matokeo yako

Kama umefika hapa bila kupiga kelele, rudi juu, umeruka namba. Kama umepiga kelele, safi, sasa ni zamu yako: panga kumi zako, watetee Khamis na Faatimah kwa hoja, na useme nimekosea wapi. Ila kwanza fanya haya matatu, kwa ajili ya huyo mdogo aliyelala bila kujua anagombewa. Mwombe bibi alitamke jina, ulisikie linavyotoka. Kubalianeni nyumbani herufi kwa herufi na mliandike kwenye kikaratasi. Kisha mpe muuguzi kikaratasi hicho, mkabidhi mwalimu hicho hicho, na umfundishe mtoto kuliandika jina lake namna hiyo hiyo kabla hajaanza darasa la kwanza.